Upindo wa Kaptura Namba Tisa

Tamar hakumwamini mtu kabla ya kumpima. Ungemwambia kiuno chako ni inchi thelathini na mbili, angekutazama tu, aokote kamba yake, akuzungushe nayo, kisha akuonyeshe ulipofikia wewe na yalipofikia maneno yako. Watu wazima walishuka pale barazani aliposhonea wamenuna. Lakini nguo zake zilikaa mwilini, na Idi ikikaribia, au Krismasi, walewale walionuna walirudi.

Hata tepu hakuiamini. Ya kwake ilikwenda na mafuriko ya Elnino mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba, pamoja na nyumba yake ya Golbanti, migomba yote na miguu ya cherehani. Mwanawe Jotham alipoleta mtumbwi mpaka mlangoni alimkuta mama amekwisha kufungua kichwa cha cherehani, amekipakata, na hataki kukikabidhi kwa yeyote, hata kwa Jotham mwenyewe. Alipofika Garsen aliingia dukani kununua tepu mpya. Akalinganisha mbili za bei moja, na moja ikaizidi mwenzake kwa nusu kidole. Akazirudisha zote mbili na kuwaambia wenye duka maneno ambayo mke wa Mmethodisti hapaswi kuyasema.

Tangu siku hiyo alipima kwa kamba nyembamba ya nailoni, ile ya kufumia nyavu. Kila mteja alikuwa na kamba yake: fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu urefu wa kutoka kiunoni mpaka gotini. Kamba zilining'inia ukutani kwenye misumari, kila moja na kipande cha kitambaa chenye jina. Barwako, Msomali mwenye duka la vitambaa aliyempa Tamar nafasi barazani kwake na miguu mikuukuu ya cherehani, alisema ukuta ule unamtia hofu. "Wallahi, Mama Dorothy, umetutundika mji mzima," alisema.

Golbanti alikuwa Mama Jotham. Garsen walimwita Mama Dorothy kwa sababu Dorothy, kitinda mimba wake, ndiye waliyemwona kila siku akipita na sare ya shule, akija barazani kulia kwamba sabuni imekwisha au kwamba mwenzake amemsonya. Baba yao alikwisha kufa. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa baba.

Sasa, mwezi wa Februari mwaka wa tisini na tisa, Mwalimu Martin alileta jora la kitambaa cha manjano na jora la buluu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa timu ya mpira ya Nyati, na pia mwenyekiti wa kamati ya shule. Alitaka jezi kumi na sita na kaptura kumi na sita, na Tamar awe akizifua kila baada ya mechi. "Ukifanya vizuri, sare za shule za Januari ni zako," alimwambia. Tamar aliyapima maneno hayo pia, kwa jinsi alivyojua. Akaona yanafika. Sare za shule zingemlisha mwaka mzima na kumpeleka Dorothy sekondari.

Akawapima vijana wote kumi na sita. Wa tisa kupimwa alikuwa Abdinur.

Huyu Abdinur, mtoto wa Dukicha, mfugaji Muorma wa huko mbugani magharibi ya mto, alikuwa ndiye mpira wenyewe pale Garsen. Walimwita Radi. Mrefu, mwembamba, mguu wa kushoto ambao mabeki wa Witu na Hola waliuona ukipita tu. Magoli kumi na saba kufikia Juni. Wazee ambao hawakujua ofsaidi ni nini walifunga maduka yao siku ya mechi.

Na vituko vyake! Akifunga goli alikwenda kuwatolea ulimi mashabiki wa wageni. Akitolewa uwanjani alilia machozi mbele ya watu, kisha akaketi nyuma ya goli amewapa wenzake mgongo. Hakucheza bila soda mbili kabla ya mechi, na zikiwa za moto alizimwaga. Siku moja refa alikataa goli lake, naye akauchukua mpira na kwenda nao nyumbani. Mji mzima ukasimama uwanjani ukingoja mpira. Gazeti moja lilichapa picha yake akitoa ulimi, na chini yake wakaandika: miaka ishirini na miwili, akili za chekechea.

Pale barazani kwa Barwako kesi hiyo ilisikilizwa kila siku. Wengine walisema aachwe, nyota ni nyota, magoli hayafungwi na adabu. Wengine walisema anaiaibisha Garsen, na akichukuliwa na timu kubwa ya Mombasa atatupwa nje wiki ya kwanza. Hakuna aliyemsema vibaya kumshinda Tamar. "Jotham wangu akiwa na miaka ishirini na miwili alikuwa na watoto wawili na shamba," alisema huku akikanyaga cherehani. "Huyu mtu mzima analilia soda. Mimi nasema ana lake jambo. Mtu mwenye akili timamu hawi hivyo bure."

Ana lake jambo. Alilisema hilo mara nyingi, na kadiri alivyolisema ndivyo alivyoliamini.

Mwezi wa Mei Abdinur alileta kaptura yake namba tisa, akaitupa juu ya meza. "Mathe, inabana." Tamar aliiangalia. Haikuwa na kasoro. Akakunjua upindo wa chini, akamwongezea kidole kimoja. Julai akairudisha tena, na shati nalo. "Inabana, inapanda juu. Wewe unaiosha na maji ya moto." Tamar hajawahi kufua nguo ya timu kwa maji ya moto, kuni zenyewe angezipata wapi? Akakunjua kidole cha pili, na upindo ukaisha. Lakini wakati huu aliingiwa na wasiwasi wa kweli. Kaptura haifupiki mara mbili. Aidha kijana anaikata, au anaiuza kule Malindi kwa wanaotaka nguo ya Radi na kumrudishia nyingine ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuifunga alishona nyuzi tatu nyekundu ndani ya mshono wa kiuno, mahali ambapo jicho halifiki ila upajue.

Kila Jumatatu alipofua alichungulia ndani ya mshono. Nyuzi tatu nyekundu zilikuwepo. Aliilaza kaptura juu ya meza, akaiwekea kamba ya Februari, akajumlisha na vile vidole viwili vya upindo. Haikupungua hata unywele. Akakaa akiitazama. Hakupenda kitu asichokielewa, na zaidi hakupenda kitu asichokielewa kikiwa kimeshonwa kwa mkono wake.

Septemba, Kipini walikuja Garsen. Watu wa Kipini ni Waislamu wa pwani wenye ulimi mkali, na hawakuchelewa kuona kwamba namba tisa wa Nyati akikimbia kaptura inapanda na mapaja yako nje. Vijana wote siku hizo walitaka kaptura za kufunika magoti. Na kwa Muorma, mtoto wa Kiislamu, paja la mwanamume kuonekana hadharani si mzaha. "Namba tisa, funika uchi!" walipiga kelele. "Vaa suruali ya babako!" Kila akigusa mpira walimwimbia. Akapiga frikiki juu ya goli. Akapiga nyingine nje. Tamar aliketi na akina mama kando ya uwanja na ndoo ya maji ya wachezaji, na alimwona akimjia moja kwa moja, mchezo ukiendelea nyuma yake.

"Huyu mathe ni mwizi!" Abdinur alimwonyesha kidole mbele ya uwanja mzima, sauti yake ikipasuka katikati ya neno. "Amenishonea nguo ya mtoi, ya mtoto mdogo! Kitambaa chetu amekiiba!"

Akavua shati, akalitupa miguuni pa Tamar, akaondoka. Zilibaki dakika arobaini. Nyati walifungwa mbili kwa moja.

Mshonaji wa nguo anaweza kuitwa mchelewaji, anaweza kuitwa mgomvi, na Tamar aliitwa yote mawili. Lakini akiitwa mwizi wa kitambaa, kazi imekwisha. Jumatatu asubuhi Nuria, mteja wake wa tangu siku ya kwanza, alikuja kuchukua kitambaa cha dera kabla hakijakatwa. "Si kwa ubaya, Mama Dorothy," alisema akikikunja. "Ni huyu mume wangu." Jumanne wakaja wawili. Jumatano Tamar alishona kifungo kimoja, basi. Alimchukia yule kijana kwa moyo wake wote, na kanisani Jumapili, kesho yake baada ya mechi, aliyaimba yale maneno ya kusamehe bila kufungua mdomo sawasawa.

Alhamisi akaja Mwalimu Martin. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mama Dorothy, mambo haya tuyamalize," alisema. "Jumamosi kamati inakaa. Wapo wanaotaka kijana afungiwe kabisa. Fainali ya ligi kule Malindi ni wiki mbili zijazo. Wewe sema tu kwamba ulikosea kipimo. Kosa la fundi, si wizi. Watu watapoa, kijana atacheza."

"Sijakosea, Mwalimu."

"Najua, najua. Lakini kukosea si dhambi. Sare za shule nimekwambia ni zako, na neno langu liko palepale." Alivaa miwani, akainua macho ukutani kwenye misumari. "Nitamtuma kijana kesho umpime upya. Na ile kamba yake ya zamani itupe, haina kazi tena."

Alipoondoka, Tamar hakurudi kwenye cherehani. Sare angezielewa. Kubembelezwa angekuelewa, maana kila mtu alitaka fainali. Lakini kamba? Mtu mzima, msomi, ametoka nyumbani kwake kwenye jua lile aje aulizie kamba ya nyavu ya senti tano? Aliiondoa kamba ya Abdinur msumarini, akaitia kwenye blauzi.

Kijana alikuja kesho yake saa nne. Hakusalimu. Alisimama karibu na meza huku Tamar akijitia kutafuta chaki, na kumbe alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho, maana alishuku kwamba anataka kuiba kitu. Kweli mkono wa Abdinur ulikwenda kwenye kisanduku cha uzi. Ukatoa vigurudumu vitatu vya kuzungushia uzi, vitupu. Akavipanga mezani kimoja nyuma ya kingine na kuvisukuma kwa kidole, taratibu, midomo yake ikitoa kasauti ka injini. Alipogundua anaangaliwa akavifagia vyote chini.

"Fanya haraka, mathe. Mimi si mtu wa kungojangoja."

Tamar alitoa kamba ya Februari. Fundo la kiuno kiunoni. Akaishusha pajani mpaka fundo la goti, na fundo likakomea juu. Vidole viwili na nusu juu ya goti. Kifuani vilevile, kamba haikukutana. Aliirudia. Aliirudia tena huku jasho likimtoka. Kisha, kwa kuwa hakuiamini hata kamba yake, alimwita Pekeshe, golikipa, aliyekuwa akinywa chai kwa jirani, akampima kwa kamba yake ya siku ileile moja ya Februari. Pekeshe alifika kila fundo, sawasawa kabisa.

Kaptura haikupungua. Kamba haikupungua. Aliyebadilika ni mtu.

"Una miaka mingapi?" alimuuliza.

"Ishirini na mbili. Kitambulisho ninacho." Akapiga mfuko wa shati, na Tamar aliona kwamba anatembea nacho kila mahali, ndani ya karatasi ya nailoni.

Siku hiyohiyo ilikuwa soko la ng'ombe. Tamar hakuwahi kukanyaga sokoni kule kwa sababu ya mavi na madalali, lakini alikwenda, akamtafuta Dukicha baba Abdinur mpaka akampata ameegemea fimbo yake kando ya ndama wawili. Wakasalimiana kwa kirefu, hali za nyumbani, hali za malisho, hali za mto, kwa maana kwa Waorma mtu haanzi na swali.

"Mzee Dukicha," alisema mwishowe, "huyu kijana wako alizaliwa lini?"

"Abdinur? Yeye nazaliwa mwaka ya Jumatatu."

Tamar alikwisha kusikia habari hiyo ya wafugaji, kwamba miaka yao wanaiita kwa siku za wiki, mwaka wa Ijumaa, mwaka wa Jumamosi, mpaka saba ziishe waanze upya. Lakini hakuwahi kuhitaji kuijua. "Jumatatu ipi, mzee?"

Dukicha akacheka. "Hata wewe nauliza vizuri. Mwalimu haiulizi. Yeye nakuja na fomu ya kitambulisho, nasema, Mzee, mwaka gani? Mimi nasema, Jumatatu. Yeye nahesabu na vidole, nahesabu, naandika. Mimi hajui kusoma."

"Lakini Jumatatu ziko nyingi."

"Iko nyingi! Kila miaka saba iko Jumatatu. Hii yake ni ile ya ng'ombe kufa. Ile serikali naleta mahindi ya manjano."

Tamar alishika ukingo wa boma. Mahindi ya manjano! Ni nani wa rika lake asiyeyakumbuka? Ukame wa themanini na nne, yale mahindi ya msaada yaliyonuka gunia, ugali wa rangi ya manjano ambao watoto waliukataa. Yeye aliyala kule Golbanti huku tumbo likiwa mbele, na kila asubuhi aliyatapika. Tumbo hilo lilikuwa la Dorothy.

Alirudi barazani akihesabu, na njia nzima alijitahidi hesabu itoke vingine. Alipojaza ile fomu, Mwalimu Martin alirudi nyuma mzunguko mmoja zaidi wa miaka. Miaka saba. Kijana wa miaka kumi na mitano. Na ligi ile ya watu wazima haimsajili mchezaji asiye na kitambulisho.

Nyumbani Dorothy alikuwa amelala kifudifudi kitandani akilia kwa sababu ya kalamu. Tamar alisimama mlangoni akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka kumtafutia kalamu.

Jumamosi mchana kamati ilikaa katika darasa moja la shule, wazee saba mbele, Abdinur kwenye dawati la pembeni amejikunja magoti yakigonga mbao, na watu wengine wakijazana madirishani. Tamar alikaa nyuma na Dukicha. Alikuwa na kamba mbili ndani ya blauzi, ya Abdinur na ya Pekeshe.

"Ajenda ni fupi," Mwalimu Martin alianza. "Nashukuru kuwajulisha kwamba fundi amekubali alikosea kipimo. Kwa hiyo naomba..."

"Sijakubali," Tamar alisema.

Hakuwahi kusema mbele ya wanaume wengi hivyo. Alisikia sauti yake imetoka nyembamba, akaikazia. "Pekeshe, njoo hapa. Wewe na Abdinur mlipimwa siku moja, si kweli? Wazee, angalieni." Akampima golikipa mbele yao, fundo kwa fundo. "Huyu kamba inamfika. Sasa Abdinur."

"Mimi si ng'ombe wa kupimwa mbele ya watu!" kijana alifoka.

"Uliniita mwizi mbele ya watu. Simama." Hakusimama. Alitazama ukuta, mdomo ameuchomoza, na Tamar akaujua mdomo ule, maana anauona nyumbani kwake kila siku. Sauti ikambadilika bila yeye kupanga. "Simama, mwanangu. Haitauma."

Akasimama. Kamba ikakomea juu ya goti, na mzee mmoja akainuka kitini aweke vidole vyake mwenyewe pale. Viwili na nusu.

"Tangu Februari," Tamar alisema. "Nani kati yenu alirefuka akiwa na miaka ishirini na miwili? Mzee Dukicha, waambie."

Dukicha alisema yaleyale ya sokoni, na aliposema mahindi ya manjano ukapita mnong'ono madirishani, kila mtu akimhesabu mtoto wake wa mwaka ule. "Kumi na tano," alisema mmoja kwa sauti. "Wa kwangu yuko darasa la nane."

Mwalimu Martin alikuwa akifuta miwani. "Wazee, hesabu hii ya Jumatatu si ya shuleni. Binadamu hukosea."

"Kama ulikosea, Mwalimu, mbona ulitaka niitupe kamba?"

Mwalimu alivaa miwani, akaanza kukusanya karatasi zake mezani.

Ndipo Abdinur alipopasuka. Alitoa kitambulisho mfukoni, akakichomoa kwenye nailoni yake, akakiinua juu. "Mimi ni mtu mzima!" alilia, machozi na kamasi vikimchuruzika. "Nina kitambulisho! Someni! Someni hapa! Nina kitambulisho!" Alikipitisha mbele ya uso wa kila mzee, mmoja mmoja, na kila mmoja aliangalia chini. Walikuwa ni walewale waliocheka ile picha ya gazetini.

"Kwa hiyo kijana hana kosa?" aliuliza mzee mmoja, kwa kutaka tu kusema kitu.

"Analo," Tamar alisema. "Ameniita mwizi, na nataka aniombe radhi. Dorothy wangu angenitukanisha hivyo ningemchapa. Lakini nisingemwandika gazetini, wala nisingemwita mtu mzima hovyo barazani kila siku, kama nilivyomwita huyu. Mkaripieni kwa umri wake. Sisi tulimcheka kwa umri wa kwenye karatasi."

Abdinur hakuomba radhi. Aliruka dawati, akatoka, na walimwona akikimbia kuelekea mtoni na kitambulisho mkononi.

Nyati walikwenda Malindi bila Radi, wakapigwa nne bila. Garsen ilinuna mwezi mzima, na ilimnunia Tamar. Walimwita Mama Kamba. Mmoja alimwambia usoni kwamba angeweza kungoja wiki mbili tu, fainali ipite, ndipo aseme ukweli wake. Na Tamar, akiwa peke yake na cherehani, alijiuliza kama si jeuri ya kusafisha jina lake iliyomfanya asingoje. Hilo hakupata kulijua. Mwalimu Martin aliacha uenyekiti wa timu, lakini wa shule alibaki nao, na sare za Januari zikapewa fundi wa Hola. Nuria alirudisha kitambaa cha dera. Alikileta bila kusema neno, akanyoosha mikono apimwe.

Mwishoni mwa Novemba Abdinur alitokea barazani na kitambaa cha kaki chini ya kwapa. Hakusalimu. Alikiweka mezani, si kukitupa, na Tamar aliiona tofauti hiyo lakini hakuitegemea sana.

"Baba anasema nirudi shule. Darasa la sita." Alisema kama mtu anayesema ugonjwa wake. "Kaptura."

"Hujaniomba radhi."

Alisugua kidole cha mguu kwenye sakafu ya baraza. "Nisamehe, mama," alisema haraka, akitazama barabara ya Lamu. Kisha, kana kwamba amejipunja, akaongeza: "Lakini usiibe kitambaa."

Tamar alichukua kamba mpya. Kifua, kiuno, goti. Akafunga mafundo, akakitandaza kitambaa, akachora chaki. Na kijana aliinama juu ya meza akifuatilia kila mstari, kwa maana yeye pia sasa alikuwa hamwamini mtu. Alipoona chaki imepita goti na bado inakwenda, akaweka mkono.

"Hapo unakata vibaya. Inazidi."

"Ni upindo. Vidole vitano."

"Vyote hivyo? Vya nini?"

"Vya kukunjua."

Abdinur alipima mwenyewe kwa mkono wake, kidole, kidole, kidole, mpaka vitano. Akapima tena kutoka mwanzo. 

"Kwani nitarefuka mpaka wapi?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakufoka.

"Sijui," Tamar alisema, akachukua mkasi. "Hakuna anayejua. Simama sawasawa, nikupime tena."